Moshi kwa ubongo: inflamesheni na ule mwanzo wa Alzheimer ambao hakuna mtu huona

Ukijikata kidole ukikata sukuma, si unajua vile huwa. Kufika usiku kimevimba, kimekuwa chekundu, kina joto, kinadunda kama moyo umehamia hapo, na kikigusa blanketi tu unaruka. Hayo yote hayafanywi na kisu, kisu kilimaliza kazi yake saa ile ile. Ni mwili wenyewe umefungulia damu zaidi ipite hapo, umeita seli za kinga, na hizo seli zinamwaga kemikali za kuua bakteria na kuzoa uchafu, halafu baada ya siku kadhaa kidonda kinakauka na askari wanarudi kambini. Hiyo ndio madaktari wanaita inflamesheni. Wengi tunasema tu uvimbe, lakini uvimbe unaweza kuwa hata wa kansa ama wa kuumwa na nyuki, kwa hivyo hapa nitasema inflamesheni ndio tuelewane.

Sasa chukua hiyo kitu uiweke ndani ya ubongo. Hakuna wekundu wa kuona, haiumi, haileti joto, inaenda pole pole, na inaweza kuwa imeanza miaka mingi kabla mtu asahau jina la mtoto wake. Na badala ya askari kurudi kambini wanabaki barabarani.

Mimi si daktari. Natunza mama mkubwa wangu hapa Umoja, Nairobi, ana Alzheimer, ule ugonjwa wa ubongo unaokula kumbukumbu pole pole, huu ni mwaka wa nne, na kila tukienda kliniki neno inflamesheni linatajwa, kila mtu analisema kama jambo lililo wazi na mimi natoka hapo sijashika kitu. Kwa hivyo nimesoma, nimeuliza, nimesoma tena, na nimeona kitu kimoja ambacho natamani ningeambiwa siku ya kwanza: hii inflamesheni si adui tangu mwanzo. Inaanza ikisaidia. Shida ni vile inakosa kuzima.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka wa 1901 huko Frankfurt, Ujerumani, daktari anaitwa Alois Alzheimer alipokea mama mmoja wa miaka 51, Auguste Deter, alikuwa anasahau, anashuku watu, anapotea ndani ya nyumba yake mwenyewe. Angalia hiyo miaka, 51, huyo si ajuza. Alipofariki 1906 daktari akachukua ubongo wake akaukata vipande vyembamba, akavitia rangi, akaweka chini ya darubini. Aliona madoa magumu yametapakaa nje ya seli, na ndani ya seli za neva akaona nyuzi zimesokotana kama uzi uliochezewa na paka. Hayo madoa leo tunajua ni protini inaitwa amiloidi, na zile nyuzi ni protini ingine inaitwa tau. Hizo mbili ndizo kila mtu huzungumzia. Lakini kwa ile ripoti yake ya 1907 kuna sentensi ambayo watu waliipita kwa miaka mingi sana, aliandika kwamba seli zinazozunguka neva, zile zinaitwa glia, zimeota nyuzi nyingi na nyingi kati yazo zimejaa vifuko vya mafuta. Shika hapo kwa hivyo vifuko vya mafuta, tutarudi.

Amiloidi yenyewe si kitu cha ajabu, wewe unayo, mimi ninayo. Kuna protini kubwa imesimama kwa ukuta wa seli za neva, inakatwa katwa na vimeng'enya, na kipande kimoja kinachotoka ni hiki chenye amino asidi (matofali ya protini) 40 ama 42. Hiki cha 42 ndicho kinanata. Kwa mtu mzima wa afya vinaoshwa na kutolewa, sana sana usiku ukiwa umelala usingizi mzito. Kwa mtu anayeelekea Alzheimer vinazidi kuliko vinavyotolewa, vinashikana viwili, vitatu, kumi, mpaka vinakuwa lile doa, na hii inaanza kama miaka 15 ama 20 kabla ya dalili. Maanake mtu ataonyesha dalili akiwa na 70, hiyo takataka ilianza kurundikana akiwa 50 na kitu, bado anaenda kazi, bado anakumbuka nambari za simu za watu wote.

Na ubongo una watu wake wa taka. Wanaitwa maikroglia. Aliyezitambua vizuri kama seli za aina yake ni Mhispania Pío del Río Hortega, mwaka wa 1919. Ni kama asilimia 5 mpaka 15 ya seli zote za ubongo, na kitu kimoja kilichonishangaza ni kwamba si wazaliwa wa hapo. Zinatoka kwa kile kifuko kidogo kilichoshikana na kiinitete (yolk sac) wakati mimba bado ni changa sana, zinasafiri, zinaingia kwa ubongo unaojengwa, zinafunga mlango nyuma yao na kukaa hapo maisha yote. Kwa miaka mingi watu walidhani maikroglia za mtu mzima mwenye afya zimekaa tu zikingoja shida. Mwaka wa 2005 wanasayansi wakaangalia ubongo wa panya walio hai kwa darubini ya leza wakaona kumbe hazitulii hata kidogo, kila moja imetoa mikono mirefu myembamba inapapasa huku na huku, inagusa neva, inarudisha, inagusa kwingine, mchana na usiku. Wakitoboa kashimo kadogo na leza, ndani ya dakika chache mikono yote ya karibu imeelekea hapo na kukazingira.

Sasa hapa nataka nitumie mfano wa kwetu. Kuna plot moja huku Eastlands niliishi ambapo gari la taka lilikuwa linakuja kila Jumatano. Likikuja, hakuna shida, hata husikii harufu. Wiki ile lilikosa kuja vijana wa hapo walisukuma taka pembeni wakazifunga vizuri, na kusema kweli walisaidia, hakuna mbwa aliyezitawanya. Wiki ya pili taka ikazidi. Wiki ya tatu wakaona hakuna njia ingine ila kuichoma hapo hapo. Na ukichoma taka kwa plot iliyobanana vile, ni kweli rundo linapungua kiasi, lakini moshi unaingia kwa kila nyumba, watoto wanakohoa, nguo kwa kamba zinaharibika, na mwenye alikuwa hana hata taka ndiye anaumia. Hakuna mtu mbaya kwa hiyo stori. Kila mmoja alikuwa anafanya usafi.

Maikroglia zinapitia karibu hivyo hivyo. Zikikuta amiloidi mwanzoni zinaila. Lile doa likishakuwa kubwa zaidi ya kumezwa zinalizunguka, zinalibana, zinalifanya ukuta ili zile kingo zake zenye ncha zisiguse neva za jirani. Hii ni kazi nzuri, na tunajua ni nzuri kwa sababu ya watu ambao maikroglia zao haziwezi kuifanya sawasawa. Mwaka wa 2013 makundi mawili ya watafiti, moja la Iceland, yalitoa habari kuhusu jeni inaitwa TREM2. TREM2 ni kama pua ya maikroglia, ndiyo inanusa mafuta na uchafu na kuiambia seli haya, twende kazi. Watu walio na hitilafu ndogo ya nadra kwa hiyo jeni hatari yao ya kupata Alzheimer inapanda karibu mara tatu. Na kuna wachache sana duniani ambao nakala zote mbili za hiyo jeni zimeharibika kabisa, hao wanapata dimenshia, yaani kupotewa na kumbukumbu na akili, kabla hata ya miaka 50, na mifupa yao pia inavunjika. Kwa hivyo ukisikia mtu anasema dawa ni kuzima tu kinga ya ubongo, jua hapo hajafikiria. Ukizima watu wa taka mapema unabaki na taka.

Halafu kuna ile hatua ya moshi. Maikroglia iliyokaa na amiloidi miaka mingi inachoka na kubadilika. Ndani yake kuna mtambo mdogo wa kengele unaitwa NLRP3, ukiwashwa unatengeneza kemikali kali ya inflamesheni inaitwa IL-1, na hiyo inaita zingine, TNF na wenzake. Mwaka wa 2013 watafiti wa Ujerumani walichukua panya wenye jeni za Alzheimer wakawatoa huo mtambo wa NLRP3, na hao panya wakabaki na kumbukumbu nzuri zaidi, na tena maikroglia zao zikawa zinakula amiloidi vizuri kuliko za wenzao. Yaani kengele ikilia bila kukoma mzoa taka mwenyewe anashindwa kufanya kazi. Miaka minne baadaye, 2017, ikaonekana kitu kibaya zaidi, vile vipande vya huo mtambo vinavyotoka nje ya maikroglia iliyochoka vinakuwa kokwa, amiloidi mpya inavishika na kuanza kujijenga juu yavyo. Na 2019 ikaonyeshwa huo huo mtambo unasukuma tau iharibike. Ukiona hapo ni mduara, amiloidi inaleta inflamesheni, inflamesheni inaleta amiloidi na tau, na hiyo tau ndiyo inakaa ndani ya neva na kuiua. Kikulacho ki nguoni mwako, hii methali sijawahi kuisikia ikikaa mahali pake kama hapa.

Na si maikroglia peke yake. Kuna seli zingine zina umbo la nyota, astrosaiti, kazi yake ni kulisha neva na kusafisha mazingira yake. Mwaka wa 2017 watafiti wa Stanford walionyesha kwamba maikroglia zikiwashwa zinatoa kemikali tatu, na hizo tatu zinageuza baadhi ya astrosaiti, zinaacha kulisha na kuanza kutoa sumu inayoua neva. Ni kama yaya aliyepandwa na hasira.

Lakini kama kuna kitu kimoja cha kubaki nacho kuhusu hatua ya mapema kabisa, ni hiki cha sinapsi. Sinapsi ni pale neva moja inapokutana na ingine na kupitisha ujumbe, na kumbukumbu yako iko kwa hizo sinapsi, haielei hewani. Tukiwa watoto ubongo unatengeneza sinapsi nyingi kuliko zinazohitajika, halafu maikroglia zinapita zinapunguza, kama vile mtu anapalilia mahindi. Ili zijue ni ipi ya kung'oa, sinapsi dhaifu zinawekwa alama na protini za kinga, C1q na C3. Ukiwa mtu mzima hiyo kazi inatakiwa iwe imetulia. Mwaka wa 2016 kundi la Boston likaona kwa panya kwamba amiloidi ikianza tu kuongezeka, hata madoa hayajatokea, hizo alama zinarudi, na maikroglia zinaanza kupalilia tena. Sasa zinang'oa mahindi yenyewe. Walipozuia hizo alama, sinapsi zikabaki. Nilivyosoma hiyo nilikaa kimya kwa muda, juu nilikumbuka ule mwaka kabla mtu yeyote aseme neno Alzheimer kwetu, mama mkubwa alikuwa ameanza kuniuliza swali moja mara tatu tukiwa bado kwa kikombe kimoja cha chai, na sisi tunacheka, tunasema amechoka.

Kwa binadamu kuna njia ya kuona hii kitu mtu akiwa hai. Unadungwa dawa yenye mionzi kidogo inayoshikana na maikroglia zilizowashwa, unaingia kwa skani. Utafiti mmoja wa London wa 2017 ulipata kwamba inflamesheni haipandi tu moja kwa moja, inapanda mara mbili. Mara ya kwanza ni mapema, kwa watu ambao kumbukumbu imeanza kuteleza kidogo tu, pamoja na amiloidi, halafu inashuka. Mara ya pili ni baadaye, tau ikishasambaa, na hiyo ya pili ndiyo mbaya. Mwaka mmoja kabla, Ufaransa, waliona kwamba wagonjwa wa mapema ambao skani yao ilionyesha maikroglia nyingi zimewashwa ndio walibaki imara zaidi kwa miaka miwili iliyofuata. Si kwamba hizi skani ni kamilifu, hiyo dawa inashika pia seli zingine na haiwezi kukuambia maikroglia imewashwa kwa wema ama kwa ubaya. Lakini picha inalingana, kilele cha kwanza ni vijana wanafunga taka, cha pili ni moshi.

Ndio maana ile stori ya dawa za maumivu iliisha vibaya. Miaka ya 1990 wazee wawili wa Canada, mume na mke, Patrick na Edith McGeer, walikuwa kati ya wale waliogundua kwamba watu wenye ugonjwa wa viungo, ambao wamekula dawa za kupunguza inflamesheni miaka na miaka, hawapati Alzheimer sana. Mwaka wa 2001 utafiti wa Rotterdam ukaonyesha kitu kama hicho, waliotumia hizo dawa kwa zaidi ya miaka miwili walikuwa na hatari ya chini. Kila mtu akafurahi. Basi Marekani wakafanya jaribio kubwa, wakawapa wazee wenye hatari naproxen ama celecoxib, wengine wakapewa vidonge visivyo na kitu. Desemba 2004 likasimamishwa kwa wasiwasi wa moyo, na matokeo yalipotoka hakukuwa na faida yoyote ya kumbukumbu. Pengine walichelewa, pengine hizo dawa zinagusa njia ambayo si hii ya maikroglia, na pengine wale wa Rotterdam walikuwa tofauti kwa mambo mengine kabisa.

Nasema hivi kwa sababu najua kuna watu hapa hapa mtaani wanampa shosho Brufen ama diclofenac kila siku wakisema inasaidia ubongo. Tafadhali usifanye hivyo. Kwa mtu wa miaka 75 hizo dawa zinatoboa tumbo, zinachosha figo, zinapandisha presha, na faida kwa ubongo haijaonekana. Na ule unga wa manjano unaouzwa kwa mkebe na stika ya "brain", weka manjano kwa pilau, ni tamu, lakini usiache dawa ya presha kwa ajili yake.

Sasa nije kwa kitu ambacho kinaweza kumsaidia mtu leo. Mama mkubwa aliuza mitumba Gikomba zaidi ya miaka 20. Mwaka jana, usiku mmoja saa nane hivi, nilisikia mlango unatikisika. Nikatoka nikamkuta amesimama sebuleni, ametoa nguo zote kwa kabati, amezifunga kwa leso mbili kama belo, moja iko kichwani, anaangaika na kitasa. Akaniambia, "Fungua mwanangu, matatu itaniacha, wateja wa kamera wanakuja mapema." Kamera ni zile nguo safi za kwanza kutoka kwa belo. Siku mbili kabla ya hapo alikuwa sawa, alikuwa ananichagulia maharagwe kwa sinia na hakuacha jiwe hata moja. Asubuhi tukaenda kliniki fulani, wakampima joto, 36.4, hana homa, wakaniambia huo ni uzee na ule ugonjwa wake umesonga mbele, nizoee tu. Nikarudi nyumbani nikalia. Siku iliyofuata jirani ambaye ni nesi aliniuliza swali moja, amekojoa vipi? Tukapeleka mkojo labu. Infekshoni. Akapewa antibayotiki, na wiki moja baadaye alikuwa ananiuliza ni nani amevuruga kabati lake.

Hii haikuwa bahati mbaya ya mama mkubwa pekee, ina maelezo. Ubongo umetenganishwa na damu kwa ukuta mzuri sana, lakini habari zinapita. Ukiwa na infekshoni kwa kibofu, kwa mapafu, hata kwa kidonda cha mguu, zile kemikali za inflamesheni zinazunguka kwa damu, zinagonga huo ukuta, zingine zinatuma ujumbe kupitia neva ndefu inayotoka tumboni na kifuani kwenda juu. Kwa kijana maikroglia zinapata habari, zinakufanya uchoke na kutaka kulala, halafu basi. Kwa mtu ambaye tayari ana amiloidi, maikroglia zake zimekaa miaka zikiwa nusu zimewashwa, kama makaa chini ya majivu. Ule ujumbe mdogo kutoka kibofuni ni upepo. Zinalipuka kuliko inavyohitajika. Mtu anachanganyikiwa ghafla ndani ya siku moja ama mbili, na mzee anaweza asiwe na homa wala asiseme inauma wapi.

Na si kwamba ikiisha imeisha. Huko Southampton, Uingereza, walifuata wagonjwa 300 wa Alzheimer kwa miezi sita, wakatoa matokeo 2009. Karibu nusu yao walipata infekshoni ama ajali ama kitu kingine cha kuamsha inflamesheni mwilini, na hao akili yao ilishuka kwa kasi mara mbili ya wenzao. Wale ambao TNF kwa damu ilikuwa juu tangu mwanzo walishuka mara nne. Mama mkubwa alirudi, ndio, lakini hakurudi pale pote alipokuwa. Kabla ya ile usiku alikuwa anahesabu chenji. Sasa ananiachia mimi.

Kwa hivyo kuchanganyikiwa kwa ghafla si Alzheimer kusonga. Alzheimer inatembea kwa miezi na miaka. Kitu kikibadilika kati ya Jumatatu na Jumatano tafuta infekshoni, tafuta upungufu wa maji, angalia kama kuna dawa mpya, angalia kama hajaenda choo siku tano, na ukiambiwa ni uzee omba kwa heshima mkojo upimwe.

Kuna pia vitu vinavyopuliza hayo makaa miaka mingi kabla, tukiwa bado na nguvu zetu. Sukari isiyotibiwa, presha, unene wa tumbo, sigara, yote haya yanaweka inflamesheni ya chini chini mwilini bila kukoma. Hewa pia. Huko Mexico City watafiti walichunguza bongo za watoto na vijana waliokufa kwa ajali, wakakuta kwa wale waliokulia kwa hewa chafu kuna inflamesheni na hata amiloidi imeanza, kwa vijana! Nikipita Jogoo Road jioni nyuma ya basi linalotoa moshi mweusi huwa nafikiria hao vijana. Tume ya jarida la kidaktari la Lancet mwaka wa 2024 ilihesabu mambo 14 yanayoweza kurekebishwa, hewa, presha, kutosikia vizuri, upweke, kolestroli na mengine, ikakadiria kwamba karibu asilimia 45 ya dimenshia duniani ingeweza kuzuiwa ama kucheleweshwa kama yote yangeshughulikiwa. Na 2025 ikatoka habari ya Wales ambayo ilinifurahisha, wazee waliostahili kupata chanjo ya mkanda wa jeshi kwa sababu tu ya tarehe ya kuzaliwa, wakilinganishwa na waliozaliwa wiki chache mapema wakaikosa, waliochanjwa dimenshia yao ilikuwa chini kwa kama asilimia 20 kwa miaka saba. Virusi vya huo mkanda hulala ndani ya neva zetu tangu tukiwa na tetekuwanga. Vile hiyo chanjo inasaidia bado inachunguzwa, lakini inflamesheni iko kwa orodha ya washukiwa.

Zile vifuko vya mafuta sasa. Jeni inayojulikana sana kwa Alzheimer ya uzeeni ni APOE, aina ya 4, iligunduliwa 1993, na kazi ya APOE ni kubeba mafuta. Mwaka wa 2024 watafiti wa Stanford walitazama maikroglia za watu waliokufa na Alzheimer wakiwa na nakala mbili za APOE4, wakazikuta zimejaa matone ya mafuta, na hizo zilizonenepa ndizo zinamwaga sumu. Miaka 117 baada ya Alois Alzheimer kuandika ile sentensi. Na hapa kuna jambo letu sisi Waafrika, huko Ibadan, Nigeria, wazee wa Kiyoruba walifuatwa kwa miaka sambamba na Wamarekani weusi wa Indianapolis, matokeo ya 2001 yakaonyesha Alzheimer mpya kwa mwaka ni asilimia 1.15 Ibadan na 2.52 Indianapolis, na APOE4 ambayo inatisha sana wazungu haikuwa na nguvu hiyo kwa Wayoruba. Kwa hivyo jeni haifanyi kazi peke yake, inategemea mwili iliomo na maisha ya huo mwili. Natamani tungekuwa na utafiti mkubwa kama huo wa kwetu.

Dawa nitasema haraka. Lecanemab, iliyopata idhini kamili Marekani Julai 2023, ni kingamwili inayoshika amiloidi na kuitia alama ili maikroglia zije zile, yaani inatumia hao hao watu wa taka. Kwa jaribio la watu 1,795 ilipunguza kasi ya kushuka kwa asilimia 27 ndani ya miezi 18. Inapunguza mwendo tu, haiponyi. Mwanzoni inadungwa kwa mshipa kila wiki mbili, inahitaji skani ya MRI mara kwa mara kwa sababu inaweza kuleta maji ama damu kwa ubongo, na ni ya walio mwanzoni tu. Jaribio la dawa ya kuamsha TREM2 liliisha bila faida mwishoni mwa 2024, na semaglutide, ile sindano ya sukari na unene ambayo wengi walitumaini itatuliza inflamesheni, nayo mwaka wa 2025 ilishindwa kupunguza kasi ya Alzheimer iliyo mwanzoni. Habari njema iko kwa vipimo, Mei 2025 Marekani iliidhinisha kipimo cha kwanza cha damu cha kusaidia kutambua amiloidi, na siku kipimo kama hicho kitakuwa cha kawaida kwa kliniki zetu ndio tutaweza kuongea kuhusu kilele cha kwanza na si cha pili.

Kuna wazee huko Kisii na Kilifi wameuawa kwa kuitwa wachawi, na baadhi ya mambo waliyoshukiwa nayo, kutembea usiku, kuongea peke yake, kupatikana kwa boma ya mtu bila kujua amefikaje, ni mambo ambayo mimi nimeyaona sebuleni kwangu saa nane usiku. Mama mkubwa na leso yake kichwani angekuwa kijiji kingine angepigwa mawe kabla ya mkojo kupimwa.

Siku hizi nina daftari ya kurasa 96, iko juu ya friji. Naandika amelala vipi, amekunywa maji vikombe vingapi, mkojo ni rangi gani, amekula nini, amenitambua ama hapana. Daktari wake anaipenda kuliko maelezo yangu ya mdomo. Jana iko hivi: usingizi sawa, aliamka mara moja. Maji vikombe vitano. Mkojo safi. Asubuhi aliniita kwa jina langu. Jioni akaniita jina la mama yangu, dada yake, na tukachagua maharagwe.